Ukitaka kupima mikazo ya wima, anza na kimiminika kisicho na chembe

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa shahada ya umahiri hapa Dodoma aliniandikia kwamba vipimo vyake vya mikazo ya wima, yaani msukumo wa kwenda juu unaotokea kimiminika kinaposokotwa, vya asubuhi na vya jioni havipatani, ingawa sampuli ni ileile, akaniuliza kama aachane na utafiti huo. Niliusoma ujumbe wake mara tatu, kwa sababu swali hilo liliwahi kuninyima usingizi nami sikuwa na wa kumwuliza.

Nililelewa na bibi yangu Bahi, na mlenda ndio ulionifundisha kwanza kwamba kitu kinaweza kumiminika na papo hapo kunyumbuka. Bibi alipoutia karanga zilizotwangwa ulizidi uzito, lakini nyuzi zake zilikatika mapema tulipochovya tonge. Utafiti wangu ulihusu jambo lilelile, ila kwa myeyuko wa polima, yaani dutu yenye molekuli ndefu kama nyuzi, uliotiwa shanga ndogo za kioo. Myeyuko wa namna hiyo ukisokotwa kati ya koni inayozunguka na sahani iliyotulia, haupingi mzunguko tu, bali huisukuma koni juu. Nguvu hiyo ukiizidisha kwa mbili na kuigawa kwa eneo la sahani unapata tofauti ya kwanza ya mikazo ya wima (mkazo wa kufuata mtiririko ukiondoa ule wa kutoka sahani hadi koni), na kwa koni yenye kipenyo cha milimita 50, nyutoni moja ni kama paskali 1,000.

Nilipopata nafasi ya kutumia reomita, mashine yenye koni na sahani hizo, ya maabara moja nje ya mkoa wetu, nguvu ilipanda kila nilipoongeza shanga, nami nikaamini nimegundua jambo kubwa. Niliandika sura nzima. Siku ya kuiwasilisha, msimamizi wangu aliuliza swali moja mbele ya wenzangu: nafasi kati ya ncha ya koni na sahani ni kiasi gani? Ilikuwa mikromita 50, na shanga zangu kubwa zilikaribia kipimo hichohicho. Zilikuwa zimebanwa pale katikati zikiisukuma koni, na polima haikuhusika. Maneno aliyoyaongeza sitayaandika, lakini nayakumbuka kila ninaposhusha koni.

Nilirudia kazi yote kwa sahani mbili sambamba zilizoachana milimita moja, yaani mara 20 ya kipenyo cha shanga kubwa, ilhali wengi hukubali kuanzia mara 10. Lakini kuweni makini, kwa maana sahani sambamba hukupa tofauti ya kwanza baada ya kupunguza ya pili (mkazo wa kutoka sahani hadi sahani ukiondoa ule wa kukingama mtiririko), na kwa kuwa ya pili kwa kawaida ni hasi, jibu huwa kubwa kuliko tofauti ya kwanza peke yake.

Ndugu zangu, msiipende grafu kuliko ukweli. Pimeni kwanza kimiminika kisicho na chembe, kisha ongezeni chembe kidogo kidogo. Kanuni ya Einstein ya mwaka 1906, aliyoisahihisha mwaka 1911, inasema chembe chache za duara huongeza mnato, yaani ukinzani wa kimiminika kutiririka, kwa mara 2.5 ya sehemu ya ujazo wake, lakini haisemi lolote juu ya mikazo ya wima. Mikazo hiyo huongezeka kwa sababu polima iliyo katikati ya shanga husokotwa kwa kasi kubwa kuliko ile inayosomeka kwenye mashine, na bila kipimo cha polima tupu hutajua ongezeko lipi limetoka wapi. Narudia: kimiminika kitupu kwanza.

Nilimwuliza pia kijana yule husubiri muda gani baada ya kuishusha koni. Alijibu kwamba huanza papo hapo. Sampuli iliyobanwa hubaki na mkazo wa kubanwa, na kadiri chembe zinavyozidi ndivyo mkazo huo unavyochelewa kutulia; yangu yenye asilimia 30 ya shanga ilichukua dakika 20 kabla nguvu haijarudi karibu na sifuri. Nimemwomba arudie kipimo cha asubuhi kwa kusubiri hivyo, kisha aniletee namba zote mbili.