Kabla ya kuchagua mchoro, kagua mbao

Wateja wengi wakinipigia simu huanza na picha: jiko waliloliona mtandaoni, mlango wa nyumba ya jirani, rangi wanayoipenda. Mimi huwauliza kwanza mbao zitatoka wapi na zimekauka kiasi gani. Natengeneza milango, makabati na ngazi hapa Dar es Salaam, na kazi nyingi ninazoitwa kuzirekebisha zilianza kuharibika siku mbao ziliposhushwa kwenye gari, kabla fundi hajashika hata randa.

Mbao mbichi imebeba maji. Yakitoka, mbao hupungua upana na unene, ilhali urefu wake haubadiliki sana. Ndiyo maana kabati lililofungwa vizuri mwezi wa nne linaonyesha nyufa mwezi wa tisa, na mlango uliokuwa unafunga sawasawa unaanza kukwaruza sakafu au kuacha mwanga upite pembeni. Mninga unasifiwa, tena kwa haki, kwa sababu haupindi ovyo. Lakini hata mninga wa Tabora ukichanwa juzi na kugongwa leo, utaachia kwenye maungio. Mkaratusi ndio usiuguse kabisa kwa milango kama haujakaushwa vizuri, maana hujikunja na kupasuka.

Kwa mbao ngumu inayokaushwa kivulini, maseremala tunahesabu takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Tanuru la kukaushia hufupisha muda huo sana. Kwa hewa yetu ya pwani, mbao ikishuka hadi kati ya asilimia 12 na 15 ya unyevu, iko tayari kwa kazi. Fundi mwenye kipimo cha unyevu, kile cha sindano mbili, atakuonyesha namba mbele ya macho yako. Asipokuwa nacho, nunua mbao mapema, zipange ndani ya nyumba au kivulini huku ukiweka vipande vidogo kati ya safu na safu ili hewa ipite. Chagua mbao mbili tatu, piga mstari wa penseli kukatiza upana, pima na uandike kipimo hapo hapo juu ya ubao. Rudi baada ya wiki mbili upime tena. Kama upana umepungua, usimruhusu mtu kukata. Chumba chenye kiyoyozi hukausha zaidi, kwa hiyo mbao za chumba hicho zilale humo kwanza.

Ukiwa hapo kwenye mbao, angalia na rangi. Kiini cha mninga ni cha kahawia na wadudu hawakipendi. Ile sehemu nyeupe ya pembeni ndiyo inayoliwa, na baada ya muda utaona unga mwembamba sakafuni chini ya fremu. Vanishi ya rangi nzito huificha vizuri sana, kwa hiyo ikague kabla haijapakwa chochote. Omba pia risiti, na muuzaji aweze kuonyesha kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, maana mzigo usio na kibali unaweza kukamatwa njiani na pesa yako ikapotelea huko.

Kwenye mlango wa paneli kuna jambo moja la kumwuliza fundi: je, kile kipande cha katikati unakipiga gundi? Jibu sahihi ni hapana. Paneli hukaa ndani ya mfereji ikiwa huru, na huachiwa nafasi ya milimita chache kila upande, ili masika ikivimba ipate pa kwenda na kiangazi ikipungua isichanike. Gundi inawekwa kwenye ulimi na tundu lake tu, pale mihimili inapokutana. Ukiona paneli imebanwa kwa gundi au misumari pande zote, hiyo itapasuka katikati, na hakuna msasa utakaoirudisha.

Jikoni, vipimo vichukuliwe baada ya plasta na tailizi kumalizika. Sakafu hupanda na kuta hunenepa, na kona chache sana za nyumba zetu ni za mraba kweli. Kisha mwite anayepika. Simpimi mwenye pesa, nampima yule atakayesimama pale kila siku: akunje mkono, nipime kutoka sakafuni hadi kiwiko, nitoe sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo meza ya kukatia inakaa. Nimeona akina mama wanaumwa mabega miaka yote kwa sababu jiko lilijengwa kwa kimo cha mtu mwingine. Chini ya sinki usikubali bodi ya kawaida, ile ya unga wa mbao uliogandamizwa, hata iwe na ngozi ya kupendeza namna gani. Ikishaonja maji huvimba kama mkate, na bawaba zinang'oka. Weka plaiwudi inayohimili maji, au mbao yenyewe.

Kuhusu malipo, kianzio kiwe cha kununua mbao, na ikiwezekana mwende pamoja kuzinunua. Andikeni aina ya mti na unene baada ya randa, kwa sababu ubao wa inchi mbili ukishapigwa randa haubaki inchi mbili, na hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Awamu ya pili ilipwe ukishaona fremu na maungio kabla ya rangi. Ya mwisho ibaki mkononi mwako mpaka kila kitu kifungwe mahali pake. Vuta kila droo hadi mwisho, fungua kila mlango na uuachie nusu wazi. Ukijisogeza wenyewe, fremu haijasimama wima, na fundi airekebishe kabla hajakusanya vifaa vyake.