Kabla hujaitazama filamu ya Freaks ya mwaka 1932

Mara ya kwanza niliizima hata haijafika nusu. Mdogo wangu ni mfupi wa kimo, na tangu utotoni nimeona watu wakigeuka kumcheka tukiwa stendi. Nikadhani Tod Browning, mwongozaji wake, naye anatuita tuje tucheke. Baadaye mdogo wangu mwenyewe akaomba tuitazame wote, tukaimaliza. Kwa hiyo nakuomba, ivumilie.

Ni kisa cha watu wa sarakasi, wengi wao wakiigizwa na watu wenye ulemavu halisi. Hans, mtu mfupi, amerithi mali. Cleopatra, mrembo wa bembea za juu, akishajua hilo anamnyang'anya Frieda mchumba wake, anaolewa, kisha anaanza kumtilia Hans sumu, huku hawara yake ni yule mbabe wa kundi. Harry na Daisy Earles, walioigiza Hans na Frieda, ni ndugu wa damu.

Tulia kwenye karamu ya harusi. Mmoja wa wanasarakasi anatembea juu ya meza na bilauri kubwa, kila mtu anapiga funda la mvinyo, wanaimba kwamba bibi harusi sasa ni mwenzao. Zamu yake ikifika anasimama, anawatukana, anamwagia mvinyo yule aliyeibeba. Kisha Hans anapandishwa mabegani mwa Cleopatra kama mtoto, naye anazunguka meza akirukaruka. Hapo mdogo wangu alisema, "Rudisha nyuma." Tukaangalia tena. Akasema, "Hii nimefanyiwa shuleni."

Vaa hedifoni. Filamu za mwanzo za sauti hazikujaza muziki kila mahali, na ule usiku wa mwisho, watu wakitambaa matopeni chini ya magari ya sarakasi, unauhisi kwa mvua na radi. Ukiona kisa kinaruka, si intaneti yako: studio ya MGM iliikata kutoka dakika 90 hivi hadi 64. Uingereza ikaipiga marufuku miaka 30 hivi. Na wengi wa waigizaji wenye ulemavu walitengewa meza nje, kwa sababu wafanyakazi wa studio hawakutaka kula nao. Hilo liliniuma kuliko chochote kilichomo kwenye picha.

Watoto wasiitazame peke yao. Ukiipenda, tafuta Varieté ya 1925, ya E. A. Dupont, haina sauti, lakini wivu wa wanabembea umo wote.

Mdogo wangu hurudia sehemu ya Prince Randian, asiye na mikono wala miguu. Anatoa kiberiti kwa mdomo na kuwasha sigara yake, mwenzake kando anapiga soga tu, hashangai.