Kabla hujamlipa mwalimu wa kuzamia mapangoni, mwangalie miguu

Tangu nirudi huku Kigoma, mwisho wa reli, vijana wananifuata sana kuhusu kozi za kuzamia, wengine ni wale waliokulia kwenye kazi ya samaki wa mapambo, wameshinda chini ya maji ya Tanganyika kuliko hata mimi, sasa wameona video za mapango ya Meksiko kwenye simu na wao wanataka. Swali lao huwaga moja tu, braza kozi bei gani na cheti kinatoka baada ya siku ngapi. Bei njoo inboksi. Hapa nataka kuongelea wasichokiuliza, yani utamjuaje mwalimu anayefundisha kweli, na wewe mwenyewe utajuaje kama umeiva, maana ziwani mambo yakiharibika unatafuta njia ya kupanda juu, pangoni juu kuna mwamba.

Kwanza tuelewane, cheti cha ualimu wa kuzamia baharini hakimfanyi mtu kuwa mwalimu wa mapango. Kuna jamaa wa Florida aliitwa Sheck Exley, mwalimu wa hesabu, miaka ya 1970 alikaa akachambua ajali za mapangoni akakuta sababu zinajirudia zile zile: hawakuwa na kamba inayounganisha mpaka nje, hawakubakiza hewa ya kutosha kurudia, walienda kina kirefu mno. Na kati ya waliokufa walikuwemo walimu kabisa wa kuzamia maji ya wazi, watu wenye uzoefu wao, ila wa pango hawakuwa nao. Exley mwenyewe alifia kwenye shimo la Zacatón huko Meksiko mwaka 1994 akitafuta rekodi ya kina, kwa hiyo mtu akianza kuringa mbele yangu na miaka yake majini huwa namsikiliza tu.

Sasa miguu. Kabla ya kulipa omba uzame naye mara moja maji ya wazi, halafu kaa nyuma yake uangalie mapezi yanafanya nini. Mzamiaji wa pango anapiga teke la chura, magoti yamekunjwa, mwili umelala sawa na sakafu, na akitaka kurudi nyuma anarudi kwa miguu hiyo hiyo bila kupunga mikono. Angalia mchanga aliopita juu yake. Kama umetulia kama hajapita mtu, vizuri. Kama ameacha wingu, basi ndani ya pango lenye tope laini wingu hilo ndilo mtakalorudi nalo mkiwa hamuoni hata mkono wenu, na hakuna upepo wa kulipeleka popote, linaweza kukaa hapo masaa.

Mimi kazi ya kuongoza wageni Zanzibar ndiyo iliyonifikisha Tulum, kwenye mapango hayo ya Meksiko, na nilipitia kwa walimu wawili. Wa kwanza mchangamfu balaa, kila tukitoka majini ni "perfekto, perfekto", mwenzangu alikuwa anagonga dari na mtungi kila kona na bado anaambiwa perfekto. Siku ya pili tu tukawa tumeshavuka eneo la mwanga wa jua. Nikaaga kistaarabu. Wa pili alituweka sehemu ya kina kifupi mpaka tukachukia, tuning'inie pale pale hatupandi hatushuki, huku tunafunga kamba, huku tunapeana hewa, huku tunavua maski, na ukipanda nusu mita anakuonyesha kwa kidole. Jioni anatoa video, anakuonyesha wewe mwenyewe. Huwezi kubishana na video. Alikuwa hapigi kelele hata siku moja, na hakuna alichosifia ambacho hakikustahili.

Huyo ndiye alitufundisha kamba nchi kavu kwanza, na nilivyorudi nikawafanyia vijana hivyo hivyo nyuma ya nyumba kwenye michikichi. Unafunga kamba kwenye shina la kwanza, hilo ni la nje kabisa, la pili kabla mwanga haujaisha, unaendelea kuzungusha, baadhi ya sehemu unaipitisha chini karibu na ardhi. Halafu mtu anafungwa kitambaa machoni anaambiwa atoke. Kamba inakaa ndani ya duara la kidole gumba na cha shahada, haivutwi, inafuatwa. Mama mmoja jirani akauliza mnafanya dini gani hiyo wanangu. Ila hapo ndipo utamjua mtu. Yule bingwa wa kupiga mbizi aliivuta kamba mpaka ikachomoka akabaki kakumbatia mchikichi, na mwingine mpole ambaye hata kuogelea si mkali sana akaenda taratibu, akifika kwenye kishale kilichofungwa kwenye kamba anakipapasa ajue ncha inaelekea wapi, maana kishale kinaonyesha upande wa kutokea ulio karibu, akatoka bila kuongea. Huyo mpole ndiye ningezama naye.

Hesabu ya hewa nayo inamuumbua mtu haraka. Kanuni ya theluthi kila mtu anaikariri, theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, theluthi ya dharura, lakini mpe mwanafunzi mtungi wa baa 200, yani presha ya hewa iliyomo, umuulize anageuka kwa ngapi. Anayejua atakuambia kwenye hesabu naishusha 200 iwe 180 ili igawanyike kwa tatu, theluthi yake 60, natumia 60 kutoka ile 200 nageuka kwa 140, na wa kwanza kufika kwenye namba yake ndiye anayegeuza wote. Akiongeza kwamba kama maji yanavutwa kuingia ndani ya pango theluthi haitoshi, mpe maksi zote. Taa ni tatu kwa kila mtu, hapo sina maelezo.

Kuna kitu kimoja kinawasumbua sana watu wa kwetu, dole gumba juu. Huku dole ni poa, kule dole maana yake tunatoka, sasa hivi, na hakuna kuulizana kwanini mpaka mfike nje. Mwalimu mzuri utamuona anavyolipokea dole la mwanafunzi wake. Akigeuka bila kukunja sura, na nje hakuna utani wala kejeli, umempata. Akianza "mbona ulikuwa na hewa nyingi tu", ameshakufundisha kwamba siku nyingine ukiogopa unyamaze.

Kuna walimu wanapenda kutesa, kukufungia valvu ya mtungi ghafla, kukuzimia taa, kukunyang'anya maski vyote kwa pamoja. Zoezi lenyewe si baya, lazima uzimiwe taa na lazima utoke mnavuta hewa kwa mtu mmoja kwa ule mpira mrefu wa kama mita mbili ili mpite mmoja nyuma ya mwingine. Ubaya ni mpangilio. Tatizo moja kwanza ulizoee, halafu la pili juu yake, na muda wote yeye awe karibu kiasi cha kukushika.

Na msidhani hii kazi ni ya wenye misuli. Wale watoto waliokwama kwenye pango la Tham Luang kule Thailand mwezi wa 7 mwaka 2018, waliowakuta ndani walikuwa Waingereza wawili, mmoja zimamoto mstaafu na mwingine mtu wa kompyuta, mapango kwao ni kitu cha wikiendi walichokifanya miaka na miaka.

Kwa mtu wa Kigoma kuna faida na hasara. Maji yasiyo na chumvi tumeyazoea, risasi za uzito utabeba chache kama huku. Ila ziwa letu liko kama mita 770 juu ya bahari, na zile jedwali za kupangia kina na muda wa kuzama zilizotengenezwa kwa usawa wa bahari kwa kawaida mwisho wake ni mita 300 juu ya bahari, kwa hiyo muulize huyo mwalimu anarekebisha vipi. Akishangaa swali, hapo tena.

Halafu kabla hujatuma hela muulize kwa meseji, ibaki imeandikwa, nikifeli inakuwaje. Jibu la kawaida la mtu makini ni kwamba unalipia siku za mafunzo, cheti hakimo kwenye bei, ukihitaji siku zaidi ni kiasi fulani kwa siku. Akikuambia hakuna anayefeli kwake usijibu, tafuta mwingine.