London kwa pesa kidogo

Dada, kwa hizo siku tatu za London na bajeti ya kubana, achana na basi la watalii. Panda basi la kawaida namba 15 pale Trafalgar Square, kaa ghorofa ya juu mbele kabisa. Utapita kanisa kuu la St Paul's hadi Tower of London, ile ngome ya kale. Pesa taslimu hawapokei tangu 2014, unagusisha kadi tu, na ukibadilisha basi ndani ya saa moja kwa kadi ileile hukatwi tena. Makumbusho kama British Museum, National Gallery na Tate Modern kuingia ni bure. Tower yenyewe ghali, mimi ningeitazamia kwenye daraja la jirani, Tower Bridge. Sky Garden, bustani iliyo juu kabisa ya jengo refu, nayo bure, ila weka nafasi mtandaoni mapema, zinaisha haraka mno.