Muulize Mwalimu: Nikisimulia safari yangu ya utafiti, mimi nafaidika nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa mwisho wa uzamivu, na nimeombwa niwasimulie wanafunzi wapya safari yangu. Nilibadili mada katikati, na makala yangu ya kwanza ilikataliwa. Wao watafaidika, naliona hilo. Mimi je, sitajishushia hadhi tu?
Mtafiti mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda ukasimulie, na hayo mawili usiyaruke.

Makala ya kitaalamu huficha njia. Hutaja mbinu na matokeo, lakini haisemi kwa nini uliacha swali moja ukashika jingine. Mimi ni mtu wa mimea. Niliwahi kuwaeleza wenzangu wa idara nyingine kwa nini niliacha majani nikahamia kwenye mizizi: nilitaka kujua mmea unafanya nini kabla ukame haujaonekana juu. Mtakwimu mmoja akanifuata kuuliza vipimo vya mizizi navichambuaje. Makala zangu zilikuwepo siku zote, ila mtakwimu angezisomea nini? Tukaandika pamoja kwa miaka mingi, na kazi zile ndizo ninazozipenda kuliko zote.

Kuhusu hadhi, mtazame Rosalyn Yalow, mwanafizikia wa Marekani aliyefanya utafiti wa tiba. Alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, aliiweka ndani ya mhadhara wake barua ya mwaka 1955 iliyoikataa makala yake na mtafiti mwenzake, Solomon Berson. Walikuwa wameonyesha kwamba wagonjwa wanaotibiwa kwa insulini hutengeneza kingamwili (protini za kinga ya mwili) dhidi yake, jambo ambalo wakaguzi wa jarida hawakulikubali. Makala ilitoka 1956, baada ya kingamwili kuondolewa kwenye kichwa chake. Ugunduzi huohuo ndio uliowafikisha kwenye mbinu ya kupima homoni iliyompatia tuzo.

Nawe fanya hivyo: sema wakaguzi walipinga nini, ukajibu nini, ukabadili nini. "Nilikataliwa nikavumilia" haimsaidii mtu, wewe mwenyewe ukiwemo. Msimamizi wako usimseme, na matokeo ambayo hayajachapishwa yaombee ruhusa kwa wenzako kwanza.

Acha muda mrefu wa maswali, uyaandike yote, hasa litakalokushinda. Mgeni wa fani yako huuliza yale ambayo wenzako wameshayazoea, na jopo la kutetea tasnifu laweza kukuuliza hilohilo.