Bamba la graniti: liweke kama chungu juu ya mafiga

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama kipande cha graniti kilichobaki kwa mafundi wa kaunta za jikoni kitakufaa badala ya bamba la kupimia usawa, yaani jiwe zito lililosawazishwa uso kwa makini ili vipimo vianzie hapo. Nimetumia vyote viwili hapa Lamu, kwenye karakana yangu ya mashine za boti. Cha kaunta kinang'aa kama kioo, lakini kung'aa si usawa. Mwaka mzima nilikitumia kukagua usawa wa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, na kila ilipovuja nikalaumu gasketi, kumbe kipande chenyewe hakikuwa sawa. Sasa nakibandikia msasa wa kusawazisha hedi. Kazi hiyo usiifanyie juu ya bamba lenyewe, msasa utalila uso wake.

Mabamba huuzwa kwa madaraja ya usawa: daraja B latosha karakana ya nyumbani. A ni la ukaguzi na AA la maabara. Langu ni sentimita 30 kwa 45, unene 7.5, karibu kilo 30. Lilivuka kutoka Mokowe kwa boti, likapanda punda likiwa limeviringishwa godoro. Usichukue jembamba kwa kuhofia uzito, maana unene ndio unaolizuia kupinda. La chuma hapa pwani litakushughulisha na kutu, tena likigongwa huota kinundu. Graniti humeguka tu, pembeni pakabaki sawa.

Kosa langu kubwa lilikuwa miguu minne. Vipande vya mbao vilivimba kwa unyevu, bamba likajipinda kidogo, na geji ya saa, kipimo chenye mshale unaoonyesha tofauti ndogo za kimo, ikanipa vipimo viwili kwa kitu kimoja. Mafiga ni matatu kwa sababu chungu hakiyumbi juu yake hata sakafu ikiwa mbovu. Weka raba mbili upande mmoja na moja katikati ya upande wa pili, kila moja ikiingia ndani kiasi cha moja ya tano ya urefu.

Liepushe na jua la dirishani: juu pakipata moto kuliko chini, uso hutuna. Kabla ya kupima, futa kwa spiriti kisha pitisha kiganja. Chembe ya mchanga utaihisi. Ukiliosha kwa maji, liache likauke kabisa. Na usilaze chuma juu yake. Msimu wa kusi nilisahau skwea, kile chuma cha kupimia pembe mraba, usiku mmoja, asubuhi nikakuta herufi L ya kutu jiweni.

Pimia kila pahali, si katikati tu, lisije likalika shimo. Ukimaliza, lifunike kwa kifuniko cha mbao, na vikombe vya chai visikanyage hapo.