Fomu ya katekesi iliuliza shule, nikaandika "nyumbani"

Wiki jana mama mmoja wa Nakuru aliniandikia usiku wa manane. Ana watoto watatu, mkubwa ana miaka sita, na tangu Januari anawasomesha mwenyewe nyumbani. Ni Mkatoliki kama mimi. Ujumbe wake ulikuwa wa mstari mmoja: "Dada, nyinyi wenzangu mko wapi?" Nilimwamsha mzee nikamsomea. Akasema, "Si hilo ndilo ulilokuwa ukililia hapa miaka minne iliyopita?" Akageukia ukutani, akalala.

Ni kweli nililia. Nilipomtoa kifungua mimba wangu PP2, darasa la mwisho la chekechea, nilikuwa na ratiba ukutani na vitabu vilivyojalidiwa. Mtu wa kuongea naye ndiye sikuwa naye. Nikasikia kuna wazazi wanaosomesha nyumbani wanaokutana kila Alhamisi upande wa Karen, Nairobi. Kutoka kwetu Rongai na watoto watatu, mmoja mgongoni, ni matatu mbili na kushuka Bomas katikati ya vumbi. Nilienda. Walikuwa watu wema, na hilo nitalisema popote. Wao ndio walionifundisha kwamba mtoto wa miaka sita hahitaji kukalishwa mezani kutwa nzima, masaa mawili ya asubuhi yanamtosha, mengine ni jikoni na uani.

Lakini palikuwa na karatasi ya imani ya kutia sahihi. Ilisema Biblia peke yake ndiyo mamlaka. Kama Mkatoliki nilijua sikubaliani nayo, nikatia sahihi. Nilikuwa mpweke mno, sikuwa na nguvu za kubishana na karatasi.

Siku hiyo hiyo wakati wa chakula mwanangu aliinua mkono kufanya ishara ya msalaba. Niliona mama mmoja akitazama. Nikamshika mwanangu mkono, taratibu tu, nikaushusha. Hakuuliza kitu. Jioni nyumbani tukakaa mezani, akala bila ishara ya msalaba. Nilimsomesha nyumbani ili imani yake ikue, na somo la kwanza aliloshika barabara lilikuwa hilo. Hata leo nikiandika haya koo linakaba.

Sikurudi Karen. Nikageukia parokiani nikidhani huko ndiko kwetu. Baada ya Misa kina mama waliniuliza kwa nini niwafiche watoto ilhali shule ya parokia ipo ng'ambo ya ukuta. Mmoja akaniuliza kama chifu anajua. Wanaosomesha nyumbani Kenya wanaelewa uzito wa neno hilo, maana Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Alilisema akicheka. Mimi sikucheka, na nikisema ukweli, mama huyo bado namsalimia kwa mbali.

Kisha ikaja fomu ya katekesi. Jina, tarehe ya ubatizo, jumuiya, shule. Nikaandika "nyumbani". Ikarudishwa: nyumbani si shule. Usiku huo nilifungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2223, inayowapa wazazi wajibu wa kwanza wa kuwalea na kuwaelimisha watoto wao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kufundisha hivyo katika tamko lake la elimu la 1965. Nikaandika zile tarakimu nne pembezoni mwa fomu kwa kalamu nyekundu, nikairudisha. Ikapokelewa. Mwaka huu fomu mpya inasema "shule au mahali anaposomea". Sitaki sifa, ila najua maneno hayo yametoka wapi.

Ushindi wa fomu haukuniletea rafiki hata mmoja, lakini. Niliowapata, niliwapata mahali ambapo sikutafuta: Misa ya asubuhi siku za wiki. Mimi nilikwenda kwa sababu kitinda mimba alikuwa anaamka saa kumi na moja na nyumba ilikuwa ndogo. Kanisani walikuwamo shosho wanane hivi, mlinzi aliyetoka zamu, na sisi. Shosho mmoja alikuwa mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Nilimwambia ninachofanya, nikasubiri kukaripiwa. Akauliza, "Amefika kwenye silabi?"

Yeye ndiye aliyenivuta kwenye jumuiya, kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumbani. Jumuiya Ndogo Ndogo zimekuwa kipaumbele cha maaskofu wa AMECEA, muungano wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, tangu 1976, na mimi nilikuwa nikizijua kama mahali pa kupeleka mchango. Yetu inatumia Hatua Saba, njia ya kusali kwa Injili. Injili inasomwa, halafu kila mmoja anachagua neno au fungu dogo na kulitamka mara tatu, kwa kituo katikati. Jioni moja ilikuwa ile ya mikate mitano, sebuleni kwangu. Watu wazima walitaja maneno mazito. Kimya kikapita. Mwanangu akaweka kidole kwenye ukurasa: "Sa-ma-ki." Akangoja kama wakubwa. "Sa-maki." Akangoja tena. "Samaki." Kisha akafanya ishara ya msalaba, kubwa, kutoka paji la uso hadi karibu na kitovu, na mimi nikaikalia mikono yangu.

Baada ya hapo mama mmoja alibaki kuosha vikombe. Kumbe naye ana wawili nyumbani, aliwatoa shule na hakumwambia mtu, aliogopa lile swali la chifu. Wa tatu alikuja baada ya miezi miwili. Jumatano tunakutana kwangu. Jumamosi watoto wote wanakwenda Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, na wenzao wa shule, na huko hakuna anayejali nani anasomea wapi.

Kwa hiyo, dada, acha kutafuta kundi lenye jina. Nenda Misa ya asubuhi, hata kama mtoto atalia, wale shosho wamesikia vilio vingi kuliko chako. Fungua sebule yako kwa jumuiya, hata kama viti ni vya kuazima. Na tafadhali, usitie sahihi usichokiamini. Tunawafundisha watoto katekisimu nzima mdomoni, kisha tunaona haya mbele ya wageni watano! Watoto wanatusoma sisi kabla hawajasoma kitabu. Ukiona haya, wataona haya. Nimekwisha kuhubiri, nisamehe.

Oktoba, siku ya maombi ya kitaifa, tutakuja huko kwenu Subukia, kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria, familia tatu katika matatu moja. Tutafute ukipanda kuelekea kwenye chemchemi. Tutakuwa tumebeba uji wa wimbi kwenye mtungi wa manjano, na mtoto mmoja anayesoma kila bango kwa sauti.